Kuchagua Pampu ya Kuvuta Hewa kwa Filamu za Nyota

Juma lililopita nilieleza kwamba filamu huchoka. Ukipiga picha ya mwezi kwa muda mfupi, filamu hufanya kazi yake barabara. Lakini ielekeze kwenye nyota hafifu kwa saa nzima, nawe utapata picha dhaifu kuliko ulivyotazamia. Mwanga mdogo huanza kuumba chembe ya fedha katika dawa ya filamu, na kabla haijaimarika, chembe huvunjika. Unyevu na oksijeni iliyomo katika dawa huzidisha hasara hiyo.

Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa gesi ya haidrojeni huitia filamu nguvu. Baadaye wapiga picha za nyota waliipenda sana Kodak Technical Pan kwa kazi hii, na wenye mikanda iliyosalia baada ya filamu hiyo kuachwa mwaka 2004 huitunza katika friji la barafu. Kazi yenyewe ni hii: filamu huwekwa gizani ndani ya chombo cha chuma, hewa huvutwa, gesi hutiwa, kisha chombo hupashwa moto wa digrii 50 hivi kwa siku moja au zaidi.

Basi, ununue pampu gani? Wengi huulizia ile yenye nguvu kupita zote. Mimi naona wameanzia mwisho. Anza na chombo. Mfuniko wenye upana wa sentimita 20 hubanwa na hewa ya nje kwa uzito unaozidi kilo 300, kwa hiyo chupa ya glasi ya jikoni usiithubutu katu. Ikipasuka, vipande huruka usoni. Vuta hewa, funga valvu, soma kipimo, ukalale. Asubuhi mshale ukiwa umerudi nyuma, tafuta ufa au badili pete ya raba. Pampu ya bei kubwa haitaziba tundu.

Sasa pampu. Ile inayoendeshwa kwa maji ya bomba, kama zilizomo katika maabara za shule, ni rahisi, lakini haifai hapa. Katika joto la digrii 20, mvuke wa maji peke yake una kani ya milimita 17 na nusu za zebaki, na pampu hiyo haiwezi kushuka chini ya hapo. Sisi twataka kuukausha unyevu, nayo yakaa na maji mlangoni!

Pampu ya mafuta inayozunguka hushuka chini zaidi, na kompresa ya friji kuukuu yaweza kutumika kwa mwenye mfuko mwepesi. Hatari yao ni moja: mvuke wa mafuta hurudi nyuma ukaipaka filamu. Funga valvu ya chombo kabla hujazima pampu, kila mara, bila kusahau.

Na pampu ya mkono? Usiidharau. Tuseme inabakisha sehemu 1 ya 20 ya hewa. Jaza gesi kavu ya nitrojeni, vuta tena: imebaki sehemu 1 ya 400. Rudia mara ya tatu: sehemu 1 ya 8,000. Hiyo ni hesabu ya hewa iliyo wazi. Unyevu uliojificha ndani ya dawa hutoka polepole, hivyo uupe saa kadhaa. Subira hapa yafanya kazi kuliko nguvu za farasi.

Mwisho, gesi. Iliyozoeleka ni mchanganyiko wa sehemu 8 za haidrojeni na 92 za nitrojeni. Haidrojeni tupu usiitumie nyumbani: ikichanganyika na hewa, cheche moja ya swichi ya pampu yatosha kuilipua. Hata huo mchanganyiko uutoe nje kwa mpira kupitia dirishani, na moto wa jiko uwe umezimwa.