Insulini: Protini Inayomweka Hai Mtoto Mwenye Kisukari

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, shambani au dukani, endelea na shughuli zako, lakini tega sikio.

Leo tunazungumza juu ya protini. Najua ukisikia neno hilo unafikiria maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena. Ni kweli, hizo ni protini za chakula, na mtoto anazihitaji ili akue. Lakini mwili nao hutengeneza protini zake mwenyewe, maelfu ya aina, na kila moja ina kazi yake. Kuna inayobeba hewa safi ndani ya damu. Kuna zinazopigana na viini vya magonjwa. Kuna zinazosaga chakula tumboni. Na kuna moja ndogo sana iitwayo insulini. Hii hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kama ya ufunguo: hufungua mlango ili sukari iliyo katika damu iingie katika chembe za mwili na kutupa nguvu.

Nimechagua insulini kwa sababu wako watoto wanaoishi kwa sindano hiyo kila siku, na yako maneno ya mitaani yanayowafanya wazazi waiache. Mmoja husema imetoka kwa nguruwe. Mwingine husema ukishaianza mwili utaizoea kama pombe. Wa tatu huuliza, mbona mtoto asipewe tembe ameze, aachane na kudungwa? Maswali haya yana majibu, na majibu yalitoka maabara. Hebu tuyafuate.

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho lake. Mbwa huyo akaanza kukojoa sana, na mkojo wake ukapatikana na sukari. Alikuwa amepata kisukari. Basi ikajulikana kwamba ndani ya kongosho mna kitu kinachodhibiti sukari, lakini hakuna aliyeweza kukitoa kikiwa kizima.

Siku hizo, mtoto akipatikana na kisukari, wazazi walijua watamzika. Matibabu yalikuwa kumnyima chakula. Alikonda akawa mifupa mitupu, akasukuma miezi michache zaidi, kisha akafariki.

Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, daktari Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod. Walitoa maji ya kongosho la mbwa, wakamdunga mbwa mwenye kisukari, na sukari yake ikashuka. Baadaye walitumia makongosho ya ng'ombe kutoka machinjioni, na mwenzao James Collip akapata njia ya kuyasafisha maji hayo. Januari 1922 walimdunga mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufaulu, kwa kuwa dawa haikuwa safi. Siku 12 baadaye alidungwa dawa iliyosafishwa vizuri, na sukari yake ikashuka. Kijana aliyekuwa akingojea kifo aliishi miaka mingine 13. Banting, Best na Collip waliuzia chuo hicho haki ya ugunduzi wao kwa dola 1 kila mmoja. Ndiyo sababu tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, huadhimishwa kote kama Siku ya Kisukari Duniani.

Sasa jiulize, mama. Imekuwaje kitu cha ng'ombe kikafanya kazi ndani ya mwili wa mtoto?

Chukua mfano wa shanga. Protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila ushanga ni kipande kidogo kiitwacho amino asidi, na mpangilio wake ndio unaoipa protini umbo na kazi. Kufikia mwaka 1955, mwanasayansi Frederick Sanger wa Cambridge, Uingereza, alikuwa amesoma mpangilio wote wa insulini ya ng'ombe, ushanga kwa ushanga. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Insulini ina shanga 51 kwenye nyuzi mbili. Wataalamu walipolinganisha viumbe, waliona kwamba insulini ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa ushanga 1 tu. Ya ng'ombe inatofautiana kwa shanga 3. Umbo limebaki karibu lile lile, na mlango wa chembe za mwili wa mtoto unaukubali ufunguo huo.

Ujuzi huo uliokoa watu hata mahali pasipo na kiwanda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mama kijana aitwaye Eva Saxl, mwenye kisukari, alikuwa mkimbizi katika mji wa Shanghai, Uchina. Dawa ziliisha madukani. Yeye na mumewe Victor walisoma kitabu cha udaktari, wakatafuta makongosho ya nyati wa kufugwa, wakatengeneza insulini katika maabara ndogo, na kuijaribu kwanza kwa sungura. Ilifanya kazi. Aliitumia yeye mwenyewe, na wagonjwa wengine wakapata.

Kwa miaka mingi dunia ilitegemea ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Kisha mwaka 1978, wanasayansi wa California, Marekani, walitengeneza jeni ya insulini ya binadamu, yaani maagizo ambayo mwili hufuata kutunga zile shanga, wakaiweka ndani ya bakteria. Bakteria wakayasoma maagizo hayo na kutunga insulini ya binadamu, pasipo hata ushanga mmoja wa tofauti. Dawa hiyo ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 1982. Baadaye hamira, ndugu ya ile tunayoumulia mandazi, nayo ikafundishwa kazi hiyo.

Basi turudi kwa maswali yetu.

Swali la kwanza, la nguruwe. Insulini inayotumika sana duniani leo hutengenezwa na bakteria au hamira, kwa maagizo ya jeni ya binadamu. Kama jambo hili linakusumbua kwa sababu ya dini, muulize mfamasia akusomee karatasi iliyo ndani ya pakiti. Lakini usiache dawa kwa sababu ya uvumi.

Swali la pili, la kuzoea kama pombe. Katika kisukari kinachowapata watoto wengi, kinga ya mwili hukosea njia na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto huyu hana insulini yake. Kumpa ni kumrudishia kilichopungua, kama vile unavyompa maji mwenye kiu. Na nisikilize vizuri hapa, mama: ugonjwa huu hauletwi na peremende, wala si laana, wala si wewe uliyemlea vibaya. Usikubali kulaumiwa na mtu.

Swali la tatu, la tembe. Umeona kinachotokea kwa maharagwe tumboni? Husagwa na kuvunjwa vipande vipande. Insulini nayo ni protini. Ukiimeza, tumbo litaivunja kama chakula kingine, na ufunguo utakuwa umekatika kabla haujafika mlangoni. Kwa sababu hiyo hiyo, kumlisha mtoto kongosho la ng'ombe hakutamsaidia. Tembe ambazo pengine umeona shangazi au babu mwenye kisukari akimeza si insulini. Ni dawa nyingine, kwa aina nyingine ya kisukari ambayo kongosho bado linajaribu kufanya kazi. Usimpe mtoto. Na mizizi iliyochemshwa haiwezi kushika nafasi ya insulini.

Sasa tuje kwa dalili. Mshuku kisukari mtoto akiwa na kiu isiyokwisha, akikojoa mara kwa mara, akianza tena kulowesha kitanda ilhali alikuwa ameacha, akikonda ingawa anakula, na akichoka kila wakati. Akikosa matibabu, huanza kutapika, kuumwa na tumbo, kupumua kwa nguvu na haraka, pumzi yake kunuka kama matunda yaliyoiva sana, kisha kulegea na kusinzia. Hapa ndipo watoto wengine hupotea, kwa sababu hudhaniwa wana malaria, homa ya mapafu au homa ya matumbo. Ukiona dalili hizi, nenda kituo cha afya na useme waziwazi: "Naomba mtoto wangu apimwe sukari." Ni tone moja tu la damu kutoka kidoleni, na jibu hupatikana papo hapo. Aliyeanza kutapika na kupumua kwa shida asingojee kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kama mtoto wako tayari anatumia insulini, shika mambo manne.

Kwanza, usiikatize. Hata siku ambayo mtoto ana homa na hataki kula, usiache insulini kabisa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwili unaougua mara nyingi huhitaji zaidi. Mpime sukari mara kwa mara, mpe maji, na uwasiliane na kliniki wakuelekeze kiasi cha kumpa.

Pili, ihifadhi vizuri. Unajua yai likishachemshwa haliwezi kurudi kuwa bichi. Yai ni protini, na joto limelibadilisha umbo. Insulini nayo huharibiwa na joto kali, na pia huharibiwa ikiganda barafu. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Chupa unayotumia inaweza kukaa nje ya friji, mahali pa kivuli pasipo na joto kali, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, ambao kwa aina nyingi ni kama wiki 4. Andika tarehe uliyoifungua. Kama huna friji, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati na uuloweshe kwa maji kila siku. Funga chupa ndani ya mfuko wa plastiki au kopo, uiweke katika chungu cha ndani, ufunike kwa kitambaa kilicholoweshwa. Weka vyungu kivulini, penye upepo. Njia hii hupoza vizuri zaidi sehemu kavu kuliko sehemu zenye unyevu hewani kama pwani. Usiiache dawa juu ya bati, dirishani penye jua au ndani ya gari. Ile insulini ya maji meupe ikigeuka rangi au kuwa na mawingu, au ile ya rangi ya maziwa ikishikana mabonge, usiitumie.

Tatu, ijue hatari ya sukari kushuka. Mtoto akidungwa kisha akose kula, au akicheza sana, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kusikia njaa kali, kukasirika bila sababu au kuchanganyikiwa. Mpe haraka kitu chenye sukari: vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji kidogo, au soda ya kawaida. Kwa mtoto mdogo kliniki itakuambia kiasi. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula. Akizimia au akipatwa na degedege, usimmwagie kinywaji mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Wala usimdunge insulini wakati huo.

Nne, usibebe mzigo huu peke yako. Mwalimu wake ajue, jirani ajue, na kila anayebaki na mtoto afundishwe. Kesho ukisafiri, mtoto asikose sindano kwa sababu wewe tu ndiwe unayejua.

Mpenzi msikilizaji, mtoto mwenye kisukari anaweza kusoma, kucheza mpira, kukua, kuoa au kuolewa na kupata watoto wake, mradi apate insulini na ufuatiliaji. Kama unamjua mzazi aliyeacha sindano kwa kuogopa maneno ya watu, nenda kwake leo. Usimkaripie. Mweleze uliyoyasikia hapa, kisha umsindikize hadi kituo cha afya. Mtoto anayetegemea insulini hawezi kukaa siku nyingi bila dawa.