Maumivu Yanayokesha: Usingizi na Viungo katika Pwani ya Mtwara

Mwaka 1952 homa ngeni iliingia vijiji vya Newala na jirani zake, juu ya uwanda wa Makonde. Watu walishikwa ghafla na maumivu ya viungo makali kiasi cha kushindwa kuinuka kitandani. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika kuhusu ugonjwa huo, na dunia nzima ikaujua kwa jina la Kimakonde: chikungunya. Lumsden aliwatazama mbu pia. Maji yalikuwa ya shida kule juu, kila nyumba ilikuwa na mitungi ya akiba, na mbu aina ya Aedes alizaliana humo humo.

Homa yenyewe hupoa ndani ya wiki moja hivi. Viungo ndivyo visivyosahau. Wapo wanaoendelea kuumwa magoti, vifundo na viganja kwa miezi, na wengine kwa miaka. Kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua mwaka 2005 na 2006, kiliwapa watafiti wagonjwa wengi wa kufuatilia, na malalamiko ya viungo yaliandamana na uchovu usiokwisha.

Maumivu yakipita miezi 3 wataalamu huyaita sugu. Kwamba anayeumwa halali vizuri, hilo halihitaji semina. Mada hii inaleta upande wa pili, usioulizwa sana: asiyelala vizuri huumwa zaidi.

Ushahidi wake si wa jana. Mwaka 1975, mjini Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua watu wenye afya njema na kuwavurugia usingizi mzito kwa sauti, usiku baada ya usiku, bila kuwaamsha kabisa. Watu wale wakaanza kulalamikia misuli, na sehemu za miili yao zikauma zikibonyezwa. Mwaka 2007 watafiti wa Johns Hopkins waliwalinganisha wanawake walioamshwa mara kwa mara na wengine waliocheleweshwa kulala, saa zikiwa sawa. Walioamshwa-amshwa ndio walioharibikiwa. Mwili una breki zake za kuzuia maumivu, na kwao breki hizo zililegea.

Sasa na itazamwe pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na delta ya Ruvuma. Huku saa ya kulala hupangwa na bahari. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mama anayefuata pweza wakati wa bamvua hatoki saa ile ile siku mbili mfululizo. Mvuvi wa dagaa hukesha na taa usiku wa giza, kisha hulala mchana chini ya bati, joto limepamba moto, watoto wakicheza dirishani. Mkulima wa korosho huamka usiku mkubwa kupuliza salfa kabla umande haujakauka, na mavuno yakifika huinama kuokota mpaka kiuno kikatae.

Na huyo mvuvi anayelala mchana mara nyingi hushusha chandarua usiku tu, kwa kuwa amefundishwa hivyo kwa ajili ya malaria. Aedes, mbu wa chikungunya, hung'ata mchana.

Mwenye maumivu akifika duka la dawa muhimu huomba diklofenaki, na pengine huitumia miezi kadhaa bila kipimo chochote, tumbo na figo zikilipa gharama. Jioni hukaa barazani na kahawa chungu. Takriban saa 5 baadaye nusu ya kafeini bado imo mwilini. Hakuna anayetaka kuwanyima watu wa Mtwara kahawa yao. Isogezwe tu mbali na saa za kulala.

Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza tiba ya mazungumzo na mazoea iwe ya kwanza kwa ukosefu sugu wa usingizi, kabla ya vidonge. Sehemu yake moja ni kuamka saa ile ile kila siku. Kumwambia hivyo mtu anayeishi kwa kupwa na kujaa ni karibu na mzaha. Lakini anaweza kushika saa chache zisizobadilika, tuseme kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11, ndani ya chandarua, dirisha likizibwa kwa kanga nzito, kisha usingizi mwingine aupate kadiri maji yatakavyoruhusu.

Kwa wahudumu wa zahanati ombi ni dogo. Mgonjwa akisema, "Shikamoo daktari, goti haliniachi," aulizwe analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, na ni nini kinachomwamsha. Majibu yaandikwe kwenye daftari lake, mstari mmoja na jina la dawa, ili atakayempokea mwezi ujao aanzie hapo.