Upanga Chini ya Jiwe
Tangu mwaka 2011, George R. R. Martin alipotoa kitabu cha tano cha mfululizo wa riwaya wa A Song of Ice and Fire, sisi wasomaji tumemwacha msichana Arya Stark mjini Braavos, akifunzwa kuua na watu wanaomtaka asahau hata jina lake. Vitu vyake vyote alivitupa majini, isipokuwa Needle, upanga mwembamba aliopewa na kaka yake, Jon Snow. Huo aliuficha chini ya jiwe. Hapo ndipo lilipo tumaini langu, msikilizaji. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivi, iliyokwisha mwaka 2019, ilimfanya muuaji hodari, kisha ikampandisha meli. Kitabu cha sita kikitoka, natamani aurudie upanga ule, lakini kwanza alie. Mtoto huyu hajapata nafasi ya kumwomboleza baba yake aliyeuawa.