Joho la Chekechea na Ibara ya 11

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa kata yetu. Wengi mliomba niyaandike, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

 

Nimepewa dakika 15 nizungumzie vijana na Katiba. Mnajua mwanafunzi wa sheria akipewa kipaza sauti hashuki, kwa hiyo nitajibana. Naomba nianzie nyumbani, kwa mtoto wa dada yangu, ambaye kwetu ni mtoto wangu. Ananiita mama mdogo. Mwaka huu anamaliza darasa la awali kwenye shule ya serikali, Januari anaingia la kwanza.

Mimi naishi kwa dada, huku Mbagala, kwa sababu hela ya hosteli haikupatikana. Dada anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga, anauza chapati na chai pale stendi. Kazi yangu ni mtoto. Saa kumi na mbili namwamsha, namwogesha, natafuta soksi. Jamani, kila asubuhi kuna soksi moja! Halafu tunatembea hadi shuleni huku ananihesabia bajaji. Mwezi wa tatu alikuwa anaishia kumi na mbili, anarudi tano. Sasa hivi anafika mia, na mia yenyewe anaipiga kelele mpaka madereva wanageuka. Jina lake anaandika, ingawa herufi S bado inaangalia upande usio wake. Hiyo ndiyo elimu ya awali, mtoto anageuka mtu mbele ya macho yako.

Sasa, mwezi wa kumi na moja ikaja karatasi ya mahafali. Joho la kukodi, picha, keki na soda, jumla shilingi 35,000. Dada siku nzuri anabaki na faida ya 8,000, na humo humo kuna kodi ya chumba, mkaa na nauli yangu ya chuo. Akaikunja ile karatasi akaiweka chini ya kopo la sukari. Nyumbani kwetu kinachowekwa chini ya lile kopo ni kile ambacho hakina jibu.

Wiki iliyofuata mtoto akarudi kimya. Hajahesabu bajaji hata moja. Wakati wa kula akauliza, "Mama mdogo, kwani mimi sijamaliza?" Kumbe wamepangwa mistari ya mazoezi, waliolipa mbele, wasiolipa wamekalishwa chini ya mti watazame wenzao.

Makamanda, nilipandwa na hasira. Usiku ule ule nikaandika barua kurasa mbili. Nikaweka Sera ya Elimu ya mwaka 2014, inayosema elimu ya awali ni ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Nikaweka nyaraka za elimu bila malipo, Na. 5 wa 2015 na Na. 3 wa 2016. Nikakumbusha kwamba Januari 2018 Rais Magufuli mwenyewe alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Nikaweka Sheria ya Mtoto ya 2009. Barua ilikuwa moto, profesa angenipa A.

Dada akaisoma yote akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ukishashinda kesi yako unarudi chuo. Mwanangu anabaki pale miaka mingine, kwa walimu wale wale."

Sikuwa na jibu. Chuoni tunafundishwa haki ni nini, ila hatufundishwi mtu maskini anaidai vipi bila mtoto wake kulipia gharama.

Kesho yake tukaenda wote wawili, bila barua. Nilijiandaa kukutana na mtu mbaya. Nikakutana na mwalimu mmoja mwenye watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa sakafuni. Vizibo vya soda vya kuhesabia ameokota mwenyewe kwenye mabaa. Karatasi za manila ukutani kanunua kwa mshahara wake. Tukamweleza la mti. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo nilikosea, mama, nilitaka tu mistari ienee." Halafu akanigeukia mimi: "Lakini hiyo 35,000 sikuipanga mimi. Ilipitishwa kwenye kikao cha wazazi. Walikuja wazazi kama ishirini. Nyie mlikuwa wapi?"

Siku ya kikao dada alikuwa stendi. Mimi je? Nilikuwa kwenye simu, nabishana na watu mtandaoni kuhusu Katiba Mpya.

Naomba hapa msinielewe vibaya. Sisemi kosa ni la wazazi na serikali iko safi. Sikilizeni hesabu. Kwa miaka mingi kiwango cha ruzuku kinachotajwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Igawe kwa siku 365, haifiki shilingi 28 kwa siku. Hata pipi hupati. Halafu tunaambiwa elimu ni bila malipo. Malipo yapo, yamehamishwa tu kutoka kwenye bajeti kuja chini ya kopo la sukari la dada yangu. Mzazi anamkasirikia mwalimu, mwalimu anamkasirikia mzazi, na aliyepanga bajeti hagombani na mtu.

Na hapa ndipo Katiba inapoingia. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kujielimisha na inaitaka serikali ijitahidi watu wote wapate fursa sawa. Maneno mazuri. Lakini rudi nyuma usome Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu ile hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani ukienda mahakamani na Ibara ya 11 peke yake, mlango umefungwa kabla hujagonga. Mtu akikuuliza Katiba Mpya inamhusu nini muuza chapati, mwambie hivi: inamhusu kwa sababu ahadi ya elimu ya mtoto wake imeandikwa mahali ambapo hakimu haruhusiwi kuigusa. Tunataka ihamishwe iwekwe inapogusika.

Lakini wakati tunaidai hiyo, mtoto anamaliza awali mwaka huu huu. Haisubiri Katiba. Kwa hiyo dada alifanya kitu ambacho mimi na nyaraka zangu sikukifikiria. Alizunguka kwa kina mama anaofahamiana nao, wauza mboga, wafua nguo, mmoja mmoja, jioni baada ya biashara. Wakaomba kikao kingine, kiwe Jumapili mchana watu wakiwa huru. Walijaa. Wakakubaliana joho zikodiwe kumi tu, watoto wapokezane kupiga picha, keki iondoke, anayeweza achangie na asiyeweza mtoto wake asimame mstari mmoja na wenzake. Mwalimu ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Siku ya mahafali mtoto wetu aliimba akiwa na sare yake ya shule, soksi zote mbili. Joho alilivaa dakika tatu, likamfunika mpaka vidole. Akahesabu mpaka mia mbele ya watu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Sheria ya Elimu inazitambua kamati za shule. Kila mmoja hapa ana mdogo wake, mtoto wa kaka au wa dada kwenye shule fulani ya serikali. Kabla Januari haijaisha, nenda ukajue mwenyekiti wa kamati ni nani, kikao ni lini, na ruzuku iliyoingia ni kiasi gani. Usiende na bendera. Nenda kama mzazi, na ukiweza mbebee dada yako beseni la chapati siku hiyo ili yeye mwenyewe aende akaseme.

Barua yangu bado iko chini ya kopo. Nimeiacha makusudi. Nikija kuwa wakili, nataka niikute pale.