Kuipima Zebaki Iliyomo Hewani

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana shuleni)



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kupima zebaki hewani. Nitaanza na jiko la mkaa.

Nilipokuwa kidato cha pili, likizo nilikaa kwa baba yangu mdogo, mchimbaji wa dhahabu. Jioni aliweka donge lake la dhahabu na zebaki kwenye kikaango, ndani ya chumba, mlango umefungwa ili majirani wasijue amepata nini. Mimi ndiye niliyepepea moto. Zebaki ilitoweka, dhahabu ikabaki, nasi tukafurahi. Hakuna aliyeuliza zebaki imekwenda wapi. Miaka ilipita, mikono ya baba mdogo ikaanza kutetemeka hata chai ikawa inamwagika kikombeni. Hapo ndipo nilipouliza.

Iligeuka mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Basi twaupimaje? Kwa dhahabu ile ile. Pampu huvuta hewa ikapita kwenye dhahabu kidogo iliyomo katika kijibomba. Zebaki hunasa, hewa huendelea. Kisha dhahabu hupashwa moto, zebaki hutoka, na mashine huipima kwa mwanga wa urujuanimno. Mashine yetu na kikaango cha baba mdogo vyategemea jambo moja: zebaki na dhahabu hushikana, na moto huzitenganisha.

Huko Cape Point, Afrika Kusini, ambako vipimo vilianza mwaka 1995, hewa safi itokayo baharini huwa na takriban nanogramu 1 ya zebaki katika kila meta ya ujazo. Nanogramu ni gramu iliyogawanywa kwa bilioni moja. Wanafunzi, chukueni kalamu. Gramu moja ya zebaki yatosha kutia kiasi hicho katika kilometa nzima ya ujazo ya hewa. Sasa ifungieni gramu hiyo katika chumba cha meta 3 kwa 4, chenye kimo cha meta 2 na nusu. Mtapata zaidi ya nanogramu milioni 33 katika kila meta ya ujazo. Shirika la Afya Duniani limeshauri wastani wa mwaka usizidi nanogramu 1,000.

Kufungua dirisha hakumalizi jambo. Zebaki hukaa angani miezi mingi, ikavuka mabara. Mvua huishusha, majani ya miti huinyonya. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu kali zaidi, nayo hujikusanya katika samaki, hasa wakubwa wanaokula wadogo.

Ili kuifuata safari hiyo twatumia kielelezo cha hesabu. Msiogope jina. Ni kama daftari la duka. Anga hugawanywa katika masanduku ndani ya kompyuta, na kwa kila sanduku twaandika kilichoingia, kilichotoka, na kilichoshuka chini. Kisha hesabu hulinganishwa na vipimo. Zisipolingana, kuna kitu tumekisahau.

Hapo ndipo penye shida. Vituo vya kupimia barani Afrika ni vichache, na mchomaji wa donge hana daftari. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2015 binadamu tulitoa hewani tani kama 2,200 za zebaki, na asilimia 38 hivi ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, wazitaka nchi zenye uchimbaji huo mwingi zichukue hatua za kukomesha uchomaji katika makazi ya watu.

Simlaumu baba mdogo. Karo yangu ilitoka katika kikaango kile. Lakini najua baadhi yenu likizo hii mtakwenda machimboni. Nawaombeni, msichome donge ndani ya nyumba, wala mahali penye watoto. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kupoozea mvuke, na zebaki hurudi ikatumika tena. Na yule apendaye hesabu na fizikia asome kwa bidii, kwani kazi hii inahitaji watu wa kwetu.