Mazao ya Nchi na Mikono Inayoyalima



Nimeombwa niwaeleze jinsi thamani ya mazao ya Kenya inavyohesabiwa, na jinsi wanavyohesabiwa watu wanaoyalima. Yote mawili yamo katika vitabu vya serikali, lakini hayapimwi kwa kipimo kimoja.

Tuchukue mfano. Mkulima amevuna magunia kumi ya mahindi. Manne ameyauza, sita yamewekwa ghalani yawe chakula cha nyumbani. Katika hesabu ya mazao yaliyouzwa yataonekana yale manne tu. Yale sita huingia katika hesabu kubwa zaidi, ile ya pato la nchi nzima, nayo huingia kwa kukadiriwa, maana hakuna mizani iliyoyapima. Kisha hutolewa gharama ya mbegu, mbolea na dawa. Kinachosalia ndicho kiitwacho pato la kilimo. Miaka ya karibuni pato hilo limekuwa kiasi cha sehemu moja katika tano za pato lote la Kenya. Viwanda vya chai na sukari huandikwa mahali pengine, ingawa bila shamba visingefungua hata mlango.

Sasa tuwatazame watu. Kwa mwaka 2023 zilihesabiwa kazi zipatazo milioni 20 nchini. Lakini hesabu hiyo huwaacha nje wakulima wadogo na wafugaji. Wanaopata mshahara ulioandikwa kwa kazi ya kilimo ni laki tatu na zaidi kidogo. Hali hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta nyumba kiasi cha milioni 6.4 zenye kulima au kufuga! Mama apaliliaye tangu alfajiri hana mshahara. Basi kitabuni hana kazi.

Hasara yake si ndogo. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilipata kahawa tani 130,000 hivi. Msimu wa 2022/23 haikufika tani 50,000. Upungufu wa fedha ulionekana upesi katika vitabu. Wachumaji waliokuwa wakilipwa kwa debe walikosa kazi, wala hapana karani aliyewaandika. Kadhalika chai ya mwaka 2023, iliyopita tani 570,000, zaidi ya nusu yake ilitoka kwa wakulima wadogo, ambao hawamo katika zile kazi milioni 20.

Mwaka 2003, huko Maputo, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kutenga asilimia 10 ya matumizi ya serikali zao kwa ajili ya kilimo. Agano hilo limekuwa zito kutimizwa, na mgawaji wa fedha hutazama kwanza walioandikwa.

Kwa hiyo, karani wa takwimu afikapo nyumbani, baba asijibu peke yake. Mama naye aitwe, ataje magunia yaliyoliwa, siku alizolima, na vibarua aliowalipa. Msiogope kwamba majibu yatapelekwa kwa mtoza kodi: Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inamkataza karani kufichua habari za mtu.