Ripita ya Omugo: Yanayotangulia Mnara
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Kamati ya Jumuiya



Kamati imeniomba niseme juu ya ombi la vijana wetu, kwamba tusimamishe ripita ya redio za ridhaa hapa Omugo. Jambo hili ni geni, na mengi yanayosemwa bombani wakati wa kuteka maji si kweli. Ripita si stesheni ya kupiga nyimbo, wala haitatupa simu za bure.

Redio ya ridhaa ni ya watu wanaojifunza ufundi wa mawasiliano bila kutafuta faida. Anayezungumza ni lazima awe na leseni na jina la kituo, na hapa Uganda majina hayo huanza na 5X. Anayesimamia masafa yote nchini ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Masafa ya mashirika ni mengine kabisa, na sisi hatutayagusa.

Sasa ripita yenyewe. Mawimbi ya redio koli ya mkononi huenda karibu kama macho yanavyoona. Ukisimama nayo mdomoni, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, upeo wake ni kilomita 5 hivi. Wawili mnaoongea mtafikia kilomita 10 mahali tambarare, na kwetu penye miti na mabonde ni pungufu sana. Lakini antena iliyoinuliwa mita 30 inaona kilomita 22 hivi kila upande. Ripita hutumia antena hiyo ya juu. Inasikia, mathalani, kwenye megahezi 145.000, na papo hapo inayarudia maneno yale kwenye megahezi 145.600 kwa nguvu zaidi. Mtu aliye upande mmoja wa makazi anaongea na wa upande wa pili kana kwamba ni majirani. Na kwa kuwa inasikia na kusema kwa wakati mmoja, inataka machujio, yaani makopo ya chuma yaliyopimwa kwa uangalifu, ili sauti yake isizibe masikio yake yenyewe. Wanaoanza husahau kuyaweka makopo hayo katika bajeti, na bei yake si ndogo.

Vijana wametaja Mlima Wati. Kwa ufundi wamesema vema, kwani mlima ni mnara usiohitaji saruji. Lakini Walugbara husimulia kuwa mashujaa wao Jaki na Dribidu walifia kwenye milima miwili, Liru ulioko Koboko na Wati huu. Pale si mahali pa kupanda na nondo na sementi bila wazee kuulizwa. Mimi naona tuanze na mnara mdogo hapa chini, karibu na kituo cha afya. Panalindwa, na fundi anafika kwa miguu hata usiku wa mvua.

Umeme utakuwa wa sola. Ripita ya wati 25 inapozungumza hula kama ampea 6, na inaposikiliza tu hula nusu ampea. Ikizungumza saa 6 kwa siku itamaliza karibu nusu ya betri ya ampea-saa 100, na betri ya asidi haipendi kushushwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo siku mbili za mawingu zitatuzima, tukiwa na betri moja. Waya wa antena uwe mnene: ule mwembamba, kwa mita 30, hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu njiani. Na radi za West Nile tunazijua; mnara usio na ethi nzuri usisimamishwe kabisa.

Lakini yanayonitia wasiwasi zaidi ni maneno yatakayopita humo. Redio hii haina pazia. Kanuni za dunia zinakataza vituo vya ridhaa kuficha maana ya ujumbe kwa lugha ya siri, kwa hiyo kila mwenye redio anasikia. Mama akishikwa na uchungu usiku na simu hazina mtandao, tuseme: mama mjamzito, kijiji fulani, gari linahitajika. Jina lisitajwe. Habari za mama aliyepigwa, au za mtoto aliyekuja peke yake, zisipite hewani hata kidogo. Zipelekwe kwa mguu kwa wanaohusika.

Wengine wameuliza kama wataweza kuwasalimu ndugu zao Yei. Hapana. Ripita haifiki huko, na kanuni zilizorekebishwa mwaka 2003 zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine kati ya nchi na nchi wakati wa dharura au msaada wa maafa tu. Wanaotafuta jamaa waliopotea waende kwa Msalaba Mwekundu, ndiyo kazi yao.

Tena tuko karibu na mpaka. Wengi wetu tunakumbuka mtu mwenye redio mkononi alivyotazamwa kule tulikotoka. Asinunue mtu redio Arua akaanza kubonyeza. Barua iende kwanza Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha wilayani na kwa wakuu wa usalama, kisha kwenye Tume. Ndugu wa mashirika, hapa ndipo tunapowahitaji hasa, kabla ya fedha: mtusaidie kuandika barua hiyo, na mtutafutie mwenye leseni wa kuja kufundisha.

Masomo ya kusikiliza tu, bila kurusha sauti, tunaweza kuyaanza mapema. Katibu ana daftari. Wasichana wajiandikishe pia, maana usiku wanaobaki na wagonjwa nyumbani ni wao.